Mionzi: Inaleta Kansa au Inatibu Kansa?



Haya ni mazungumzo niliyofanya na wanafunzi wa sekondari mjini Korogwe, baada ya kushindwa kujibu swali moja Handeni. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Vicheko nimeviacha huko huko, na pale umeme ulipokatika tukahamia nje nimepafupisha. Wewe jihesabu kuwa ulikuwa umekaa nasi chini ya mwembe.

Wadogo zangu, hamjambo? Najua mmetoka kula, na mtu aliyeshiba ugali na maharage hana hamu ya fizikia saa nane mchana. Nivumilieni. Sikuja kuwafundisha fizikia, mwalimu wenu yupo hapa na ataniumbua nikikosea. Nimekuja kulipa deni.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa Handeni, katika shule moja ya sekondari, kuzungumza juu ya kansa ya mlango wa kizazi. Kawaida yangu ni kupitisha sanduku la maswali, kila mtu anaandika bila jina. Siku ile vikaratasi vingi vilikuwa vya kawaida. Eti chanjo ya HPV inamfanya msichana asizae? (Uongo mtupu.) Eti wavulana nao wanabeba virusi hivyo? (Ndiyo, wanabeba na wanaambukiza.) Halafu nikafungua kimoja kilichoandikwa kwa penseli, mwandiko mdogo mdogo. Kilisema hivi: mwalimu wa fizikia ametufundisha kwamba mionzi inaleta kansa. Mama yangu ana kansa, na daktari amesema aende Dar es Salaam akachomwe mionzi. Bibi anasema wanataka kummaliza. Dada, nani mkweli?

Mimi nikajibu nini? Nikasema, "Mionzi ya hospitali ni salama, msiwe na wasiwasi." Basi, nikachukua kikaratasi kingine. Lakini nilipokuwa kwenye basi kurudi, likanisumbua. Lile halikuwa jibu. Mionzi ya hospitali si salama kama maji ya kunywa. Ingekuwa salama namna hiyo, isingeua kansa. Mwalimu wa fizikia ni mkweli. Daktari ni mkweli. Na bibi naye, hofu yake haikuanguka kutoka mbinguni. Kwa hiyo nimekaa na vitabu, nikarudi kwenye daftari zangu za chuo, na leo nataka tulijibu swali lile sawasawa.

Kitu kisichouma

Tuanze mwaka 1895. Tarehe 8 Novemba, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, profesa mmoja wa fizikia aitwaye Wilhelm Conrad Röntgen alikuwa akipitisha umeme ndani ya chupa ya kioo iliyonyonywa hewa. Chupa ameifunika kwa karatasi ngumu nyeusi, chumba kiko gizani. Pembeni kulikuwa na kibao kilichopakwa kemikali, nacho kikaanza kung'aa. Mwanga gani huo unaopita karatasi nyeusi? Alipoweka mkono wake katikati aliona kivuli cha mifupa yake mwenyewe. Hakujua ni kitu gani, akakiita mionzi ya X, ile X yenu ya hesabu, kitu tusichokijua. Kabla ya mwaka kwisha alimpiga mkewe picha ya mkono, pete inaonekana inaning'inia kwenye mfupa. Mwaka 1901 akapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia, ya kwanza kabisa kutolewa.

Watu walipagawa. Kila mtu alitaka kuona mifupa yake. Na sasa angalieni hatari ilipo: mionzi haina harufu, haina joto, haiumi inapokupiga. Kitu kisichouma watu hukidharau. Mafundi walikuwa wakijaribu mashine kwa kuweka mikono yao wenyewe, kila siku, mara nyingi kwa siku. Kule Marekani, Thomas Edison, huyu huyu wa balbu, alikuwa na msaidizi aitwaye Clarence Dally. Dally alifanya kazi hiyo kwa miaka kadhaa. Ngozi ya mikono ikaungua, vidonda vikakataa kupona, vikageuka kansa. Wakamkata mkono mmoja, wakamkata na wa pili. Akafariki mwaka 1904. Edison akaogopa, akaachana kabisa na kazi ya eksirei.

Hakuwa peke yake. Mjini Hamburg kuna mnara uliozinduliwa mwaka 1936 kwa ajili ya madaktari, wanafizikia, wauguzi na mafundi waliokufa kwa mionzi kazini. Siku ya uzinduzi ulikuwa na majina 169, ya watu wa nchi mbalimbali. Mengine yaliongezwa baadaye.

Sasa, bibi wa Handeni hajasoma habari za Hamburg. Lakini anaposema kitu hiki kinaua, anasema jambo ambalo wanasayansi wenyewe walilijua kwa kuzika wenzao. Tusimcheke.

Wanaume wawili na chupa ya radi

Nimesema "radi" kwa makusudi, mwalimu ametabasamu. Ni radiamu. Mwaka 1896 Mfaransa Henri Becquerel aligundua kwamba madini ya urani yanatoa mionzi yenyewe tu, bila umeme wala mashine. Marie Curie na mumewe Pierre wakaifuata njia hiyo, na mwaka 1898 wakatangaza kupata polonia, kisha radiamu, ambayo ina nguvu kuliko urani mara nyingi sana.

Mwaka 1901 Becquerel alitembea na kichupa cha radiamu mfukoni mwa kizibao. Hakusikia kitu. Baada ya siku kadhaa ngozi iliyokuwa chini ya mfuko ule ikawa nyekundu, ikachubuka. Pierre Curie naye, badala ya kuogopa, alijifunga radiamu mkononi kwa saa kumi, kwa makusudi, aone itakuwaje. Akapata kidonda kilichochukua miezi kupona. Mimi nasema ule ni ujasiri uliochanganyika na wazimu kidogo, na msijaribu nyumbani. Lakini fikirini jinsi mwanafizikia anavyowaza. Wakaandika pamoja yale yaliyowapata, na swali likafuata lenyewe: kama kitu hiki kinaua ngozi nzima, je, hakiwezi kuua ngozi mbovu? Pierre akamwazima radiamu daktari mmoja wa magonjwa ya ngozi mjini Paris, Henri Danlos wa hospitali ya Saint-Louis. Hapo ndipo radiamu ilipoanza kuingia hospitali.

Marie mwenyewe alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu ambao wengi wanaamini ulitokana na mionzi aliyoishi nayo miaka yote ile. Madaftari yake mpaka leo yanatoa mionzi. Huyo ndiye aliyepata Nobel mbili, ya fizikia mwaka 1903 na ya kemia mwaka 1911. Wasichana mnaoambiwa fizikia si yenu, mpo?

Kamba ya katani

Haya, tuingie ndani ya mwili. Hapa Korogwe hakuna asiyejua mkonge. Mmeona kamba ya katani inavyosokotwa: singa moja haina nguvu, zikisokotwa mbili zinashikana. Ndani ya kila chembe hai, mnaziita seli kwenye baiolojia, kuna kamba ya namna hiyo, nyembamba mno, iitwayo DNA. Ina nyuzi mbili zilizosokotana. Juu yake yameandikwa maagizo yote ya seli: fanya kazi hii, gawanyika sasa, acha kugawanyika.

Mionzi inapopita ndani ya seli inang'oa elektroni kutoka kwenye atomi. Kwa kufanya hivyo inaharibu maji yaliyomo ndani ya seli, na maji yale yaliyoharibika yanaishambulia DNA. Wakati mwingine mionzi inaipiga kamba yenyewe moja kwa moja. Ukikatika uzi mmoja, si neno, seli ina mafundi wake, wanautazama ule uzi wa pili na kuunganisha. Zikikatika nyuzi zote mbili mahali pamoja, kazi ni ngumu. Hapo yanaweza kutokea mambo matatu. Seli inaunga vizuri na kuendelea na maisha. Au inashindwa, na siku ikijaribu kugawanyika inakufa. Au inaunga vibaya, fundo mahali pasipotakiwa, na inaendelea kuishi ikiwa na maagizo mabovu. Hiyo ya tatu ndiyo inayoweza, baada ya miaka, kuwa kansa. Mwaka 1927 Hermann Muller wa Marekani alionyesha kwa nzi wadogo wa matunda kwamba mionzi ya X inabadilisha urithi, na mabadiliko yanapita kwa watoto. Alipewa Nobel mwaka 1946.

Mnaona sasa? Mwalimu wa fizikia wa Handeni alikuwa anazungumzia tokeo la tatu. Daktari anatafuta tokeo la pili. Ni mkato ule ule.

Lakini mtaniuliza: mionzi inajuaje seli ipi ya kansa na ipi nzima? Haijui. Haina macho. Wanaojua ni watu, na walijifunza kwa njia ya ajabu kidogo, kwa kupitia korodani za panya.

(Hapa walicheka dakika nzima. Tuendelee.)

Mwaka 1906, mjini Bordeaux, Ufaransa, Jean Bergonié na Louis Tribondeau walikuwa wakipiga mionzi korodani za panya na kuzitazama kwa hadubini. Wakaona jambo. Seli zinazotengeneza mbegu za kiume, ambazo kazi yake ni kugawanyika usiku na mchana, zilikufa. Seli za jirani zake, zilizotulia, zilibaki. Wakasema: mionzi inaziumiza zaidi seli zinazogawanyika kwa wingi na ambazo hazijakomaa kwa kazi maalumu. Na seli ya kansa ni nini? Ni seli iliyosahau agizo la "acha kugawanyika". Bergonié mwenyewe mionzi ilimmaliza. Alipoteza mkono, akafariki mwaka 1925.

Twende Tanga mjini

Mnadhani mambo haya yote ni ya Wazungu na Ulaya. Basi niwapeleke Tanga, hapo hapo mkoani kwetu.

Ninyi wa Handeni na Korogwe mbung'o mnamjua. Wengine wanamwita ndorobo. Anayefuga karibu na pori anajua ng'ombe anavyokonda, manyoya yakasimama, maziwa yakakauka: ndiyo nagana. Kwa binadamu mbung'o wanaleta malale. Sasa mbung'o ana udhaifu mmoja mkubwa. Jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu katika maisha yake, anaihifadhi mbegu ile na kuitumia maisha yake yote. Na hatagi mayai mamia kama mbu. Anazaa funza mmoja mmoja, kila baada ya siku kama tisa au kumi. Kwa hiyo ukimpata dume atakayempanda jike halafu asimzalishe, jike huyo ndiyo basi tena.

Wazo hili lilitoka Marekani kwa mtaalamu wa wadudu Edward Knipling, aliyepambana na nzi anayekula nyama hai ya mifugo. Mwaka 1954 lilifanikiwa katika kisiwa cha Curaçao. Kwetu, miaka ya 1970 lilijaribiwa katika ranchi ya Mkwaja, kule Pangani, mahali ambapo leo ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Mbung'o walipungua sana lakini hawakwisha, kwa sababu pori halina ukuta, wengine huingia kutoka nje.

Kisiwa kina ukuta wa bahari. Unguja kulikuwa na aina moja tu ya mbung'o. Kwa hiyo kituo cha utafiti wa mbung'o na ugonjwa wao pale Tanga, pamoja na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kikaanza kufuga mbung'o. Ndiyo, kufuga! Mamia kwa maelfu, wananyweshwa damu kupitia utando laini kama ngozi. Madume walipigwa mionzi, wakapakiwa kwenye maboksi, ndege ikawabeba na kuwamwaga juu ya misitu ya Unguja. Kazi hii iliendelea kuanzia 1994 hadi 1997, na madume waliomwagwa walizidi milioni nane. Kwanza idadi ya mbung'o wa porini ilikuwa imepunguzwa kwa dawa ya kupaka ng'ombe na mitego ya vitambaa, ili madume wa Tanga wawe wengi kuliko wenyeji. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996. Nagana ikakoma Unguja, wafugaji wakapata maziwa.

Sasa nifuateni vizuri, kwa sababu jibu la kikaratasi cha Handeni limejificha ndani ya mbung'o huyu. Dume aliyepigwa mionzi aliruka vizuri tu. Alimtafuta jike, akampata, akampanda. Kwa nini hakufa? Kwa sababu misuli ya mabawa yake imekwisha kukomaa, haigawanyiki tena. Kilichoharibika ni mbegu zake, DNA yake ndani imekatika katika, na yai linaloingiwa na mbegu ile halikui. Ni sheria ya Bergonié na panya wake, imepanda ndege kutoka Tanga kwenda Unguja.

Na jambo la pili: je, madume wale walibeba mionzi wakaisambaza Unguja? Hapana. Mionzi ilipita ndani yao ikaondoka. Ukimmulika mtu kwa tochi usiku halafu ukaizima, mwanga haubaki kwenye shati lake.

Kondoo dume na kipimo

Tuna tatizo moja limebaki. Ukipiga mionzi mikali kwa mara moja, kansa itakufa, lakini na ngozi, utumbo na kibofu cha jirani vitaungua. Hivi ndivyo ilivyokuwa mwanzoni, na watu waliumia kweli.

Aliyepata njia ni Mfaransa Claude Regaud, pale Paris, miaka ya 1920, safari hii kwa kondoo dume. (Wanasayansi hawa na korodani, sijui wana nini.) Aliona kwamba akimpiga kondoo mionzi mara moja kwa nguvu hadi kumhasi, ngozi ya mfuko wa korodani inaungua vibaya. Akigawa mionzi ile katika vipande vidogo kwa siku nyingi, kondoo anahasika na ngozi inapona. Seli nzima zilipata nafasi ya kuunga kamba zake kati ya siku na siku. Zile zinazogawanyika ovyo hazikupata. Tangu hapo tiba ya kansa kwa mionzi hutolewa kidogo kidogo. Mama akiambiwa aende kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, kwa wiki tano, si kwamba wanamzungusha. Ni kondoo wa Regaud.

Kipimo chenyewe tunakiita grei, kwa heshima ya mwanafizikia Mwingereza Louis Harold Gray. Grei moja ni jouli moja ya nishati katika kilo moja ya mwili. Mnaonaje, ni ndogo? Haitoshi hata kupasha maji yaliyo kwenye kisoda. Lakini mwili wote wa binadamu ukipigwa grei nne au tano kwa mpigo, bila matibabu, wengi watakufa. Mbung'o wa Tanga walipigwa zaidi ya grei 100, wadudu ni wagumu. Mgonjwa wa kansa ya mlango wa kizazi kwa kawaida hupewa kama grei mbili kwa siku, jumla kama 45 hadi 50 kutoka nje, lakini mahali pale tu penye ugonjwa. Kisha huwekewa kwa muda mfupi chanzo kidogo cha mionzi ndani, karibu na uvimbe wenyewe. Picha ya eksirei ya kifua, ile mliyopigwa mkikohoa sana, ni sehemu ndogo mno ya grei moja, sawa na mionzi mnayoipata bure kutoka ardhini na angani kwa siku chache.

Gray huyo huyo na wenzake walionyesha mwaka 1953 kwamba seli yenye oksijeni inauawa kwa mionzi kwa urahisi kuliko seli iliyokosa oksijeni. Ndiyo maana mgonjwa mwenye upungufu wa damu, daktari mara nyingi hutaka aongezewe damu kwanza. Ukisikia wanatafuta wa kumtolea mama damu kabla ya mionzi, sasa unajua sababu.

Dar es Salaam

Taasisi ya Saratani Ocean Road iko ufukweni Dar es Salaam. Jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani na kukamilika 1897, miaka miwili tu baada ya Röntgen kuona mifupa ya mkono wake. Taasisi yenyewe iliundwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa miaka mingi ilitegemea mashine za kobalti-60. Kobalti hii hupungua nguvu, kila baada ya miaka mitano na miezi michache inabaki nusu, kwa hiyo inavyozeeka mgonjwa analala kwenye mashine muda mrefu zaidi, mpaka ibadilishwe. Mwaka 2018 taasisi ilifunga mashine za LINAC, ambazo hutengeneza mionzi kwa umeme. Ukizima, imezima. Mwanza nako, hospitali ya Bugando, wanatoa tiba ya mionzi.

Si kila kansa inatibiwa hivi, nyingine ni upasuaji, nyingine dawa. Kampala, mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Denis Burkitt alikuta watoto wengi wana uvimbe wa taya, na mashine ya mionzi Uganda hakuna. Akajaribu dawa. Ikawa ndiyo tiba yake, na uvimbe ule unaitwa kwa jina lake. Lakini kwa kansa ya mlango wa kizazi iliyokwisha kusambaa kidogo, mionzi ndiyo tegemeo.

Sasa kwako wewe uliyeandika kwa penseli. Kama husomi hapa Korogwe, najua gazeti hili linafika Handeni, na Jumatano nitakuja mwenyewe niseme haya haya.

Mama ataingia chumba chenye kuta nene. Atalazwa kitandani, watamchora alama mwilini, asizifute anapooga. Halafu wote watatoka nje na kumwacha peke yake. Hapo ndipo wengi wanapoingiwa na hofu: kama ni dawa, mbona wao wanakimbia? Wanatoka kwa sababu ya Dally. Mama anapata mionzi kwa wiki chache na ana faida nayo. Mtumishi yule angebaki ndani angepigwa kila siku, kwa kila mgonjwa, miaka yote, bila faida. Ndiyo maana pia wanavaa beji ya kupima mionzi, na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania inasimamia. Wanamwona mama kwa kamera na wanaweza kuzungumza naye. Hatasikia maumivu. Dakika chache, imekwisha.

Sitakudanganya tena. Atachoka. Anaweza kuharisha, na ngozi ya mahali pale ikawa nyeusi. Hedhi itakoma na hatazaa tena. Mambo hayo aulize mapema, aelezwe, na baba awepo asikie. Ipo pia hatari ndogo kwamba mionzi yenyewe, baada ya miaka mingi, italeta kansa nyingine. Lile ni tokeo la tatu, lipo kweli. Daktari analipima hilo dhidi ya kansa iliyopo leo, ambayo haingoji miaka. Akirudi nyumbani habebi mionzi. Mleni sahani moja, mdogo wako alale naye.

Na bibi? Msibishane naye. Muulize ni nani anayemjua aliyekwenda Dar akarudi amekufa. Mara nyingi utakuta ni mtu aliyekwenda amechelewa, baada ya mwaka mzima wa kutokwa damu na kuficha, na mionzi ikabebeshwa lawama. Wagonjwa wengi wanafika Ocean Road ugonjwa umeshakwenda mbali. Mwambie bibi habari za mbung'o. Kama alifuga, atakuelewa kuliko mimi.

Basi la kupitia Mkata na Chalinze linaondoka Handeni asubuhi. Barua ya rufaa iwe mkononi, na majibu ya kipimo cha kinyama, msiyasahau nyumbani. Nauli na mahali pa kulala vikiwa ni tatizo, waone watu wa ustawi wa jamii pale pale hospitali ya wilaya kabla ya safari, si baada ya kufika. Na kama wiki tatu zile nilizopoteza mimi zimemfanya mama abaki nyumbani, nisamehe, na aondoke wiki hii.

Wasichana, chanjo ya HPV nchini ilianza kutolewa kote mwaka 2018, na tangu 2024 ni dozi moja, kwa wenye miaka 9 hadi 14. Mdogo wako hajachanjwa? Mwulize mwalimu wa afya. Mama, shangazi na dada mkubwa waende kupimwa mlango wa kizazi, wanapaka siki na kutazama, majibu siku hiyo hiyo.

Nimeona mkono kule nyuma. Simu? Hapana, mawimbi ya simu hayana nguvu ya kung'oa elektroni, si mionzi ya namna hii. Inakuzuia kusoma tu. Mjamzito na eksirei? Aseme kwamba ni mjamzito kabla ya kupigwa, mtoto tumboni seli zake zote zinagawanyika, mnakumbuka Bergonié. Mengine andikeni. Sanduku hili hapa, litapita mstari kwa mstari, penseli inaruhusiwa.